Tabaka la Kijamii na Afya ya Uzeeni

Tabaka la kijamii na afya ya uzeeni ni uhusiano uliopo kati ya nafasi ya mtu katika jamii na hali ya mwili na akili yake anapozeeka. Nafasi hiyo hupimwa kwa kazi aliyoifanya, elimu aliyoipata, kipato na mali aliyonayo, na wakati mwingine kwa mtaa anaoishi. Karibu kila nchi ambako jambo hili limepimwa kwa makini, jibu limekuwa moja: watu wa tabaka la chini hufa mapema kuliko wa tabaka la juu, na miaka yao ya uzeeni huwa na maradhi na ulemavu zaidi. Presha, kisukari, kiharusi, maradhi ya moyo na mapafu, maumivu ya magoti na kiuno, upofu wa mtoto wa jicho, huzuni ya kudumu na ugonjwa wa kusahau, yote hayo hayawaangukii wazee kwa usawa.

Mazoea ya kila siku hulificha jambo hili. Mzee wa kijijini akishindwa kuinuka kitandani, akianza kuvimba miguu au kupoteza nuru ya macho, mara nyingi huambiwa kwamba huo ni uzee tu. Mzee mwenye uwezo akipatwa na hayohayo hupelekwa hospitali, na huko hugundulika kuwa ni ugonjwa wenye jina na wenye dawa. Kwa hiyo umaskini humwongezea mtu maradhi, kisha huyafanya yaonekane kuwa ni ya kawaida, na hili la pili ndilo linalochelewesha tiba.

Makarani wa London

Ushahidi unaotajwa zaidi katika elimu hii ulitoka mahali ambapo hakukuwa na mtu wa kuitwa fukara. Mwaka 1967 madaktari Donald Reid na Geoffrey Rose walianza kuwapima watumishi wa serikali kuu ya Uingereza waliokuwa wakifanya kazi katika ofisi za Whitehall, London. Walikuwa wanaume wapatao 18,000, wote wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Wote walikuwa na ajira ya kudumu, mshahara wa kila mwezi na ahadi ya pensheni. Wote waliweza kutibiwa bila malipo katika huduma ya afya ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1948. Kilichowatofautisha ni daraja la kazi: juu kabisa walikuwepo maofisa wakuu, chini yao wataalamu na wasimamizi, kisha makarani, na mwisho kabisa matarishi na mabawabu.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 na Michael Marmot pamoja na wenzake yaliwashtua wengi. Enzi hizo iliaminika kuwa ugonjwa wa moyo ni wa wakubwa, wa bosi mwenye mawazo mengi na chakula kingi. Kumbe waliokufa zaidi kwa ugonjwa huo walikuwa matarishi na mabawabu, kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya maofisa wakuu. La kushangaza zaidi ni kwamba tofauti haikuwa ya walio chini dhidi ya wengine wote. Ilikuwa ngazi. Wasimamizi, watu wenye maisha mazuri kwa kipimo chochote, walikufa zaidi kuliko maofisa wakuu waliokuwa daraja moja tu juu yao, na makarani walikufa zaidi kuliko wasimamizi. Sigara, presha, lehemu na unene vilieleza sehemu ya pengo, lakini hata vyote vikijumlishwa havikufika nusu yake.

Utafiti wa pili wa Whitehall ulianza mwaka 1985 ukiwa na watumishi 10,308, wanawake wakiwa karibu theluthi moja. Safari hii watafiti walitaka kujua ni nini kazini kinachoumiza. Jambo moja lilijitokeza tena na tena: uhuru wa mtu katika kazi yake. Anayepangiwa kila kitu, anayeambiwa lini aanze na lini apumzike, asiyeulizwa rai yake, aliugua moyo zaidi hata kama kazi yake haikuwa nzito.

Washiriki hao wamezeeka huku wakiendelea kupimwa, na hapo ndipo utafiti huo unapoingia moja kwa moja katika mada ya makala hii. Mwaka 2007 Tarani Chandola na wenzake walichapisha ulinganisho wa afya ya mwili ya watumishi hao walivyoendelea kuingia uzeeni. Katika umri wa makamo, afya ya mtu wa daraja la juu ililingana na ya mtu wa daraja la chini aliye mdogo kwake kwa takriban miaka minne na nusu. Walipokaribia miaka 70, pengo hilo lilikuwa limefika miaka minane. Mstaafu wa daraja la juu mwenye miaka 70 alipanda ngazi, alibeba mizigo na kutembea kama mwenzake wa daraja la chini mwenye miaka 62. Kustaafu kuliwaletea wengi nafuu ya akili, lakini nafuu hiyo iliwafikia taratibu zaidi wale wa madaraja ya chini.

Kabla ya hapo, mwaka 1996, Marmot na Martin Shipley walikuwa wamefuatilia vifo vya kundi la kwanza kwa miaka 25. Walitaka kujua kama tabaka huendelea kuua baada ya mtu kurudisha funguo za ofisi. Kwa uwiano, tofauti kati ya madaraja ilipungua baada ya kustaafu, ila haikufutika. Lakini kwa kuwa wazee hufa kwa wingi kuliko vijana, tofauti ya idadi halisi ya vifo iliongezeka. Kipimo kisichohusu kazi, yaani kama mtu alimiliki gari au la, kilidumu kutofautisha vifo vya uzeeni kuliko daraja la kazi. Cheo hufifia mtu akistaafu, lakini mali hubaki naye.

Tabaka linavyoingia mwilini

Njia ya kwanza huanza kabla ya kuzaliwa. Katika jimbo la Hertfordshire, Uingereza, wakunga waliwapima watoto uzito walipozaliwa na walipotimiza mwaka mmoja, wakaandika vipimo hivyo katika madaftari tangu mwaka 1911. Miongo mingi baadaye David Barker na wenzake waliyapata madaftari hayo na kuyalinganisha na kumbukumbu za vifo. Katika makala yao ya mwaka 1989 walionyesha kuwa wanaume waliokuwa na uzito mdogo utotoni ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo ukubwani. Njaa ya mama mjamzito huonekana kwenye mishipa ya damu ya mwanawe miaka 60 baadaye. Mjadala kuhusu ukubwa wa athari hiyo unaendelea, lakini kwamba ipo, wachache wanabisha.

Njia ya pili ni kazi yenyewe. Kuli wa bandarini, mkata mkonge, mbeba zege na mkulima wa jembe la mkono hutumia magoti, mgongo na mabega yao kama mtaji, na mtaji huo haurudi. Vumbi la mawe ni mfano mchungu zaidi. Wakati wa ukoloni, vijana kutoka kusini mwa Tanganyika, hasa upande wa Mbeya, waliandikishwa na shirika la Wenela kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, hadi serikali mpya ilipokomesha uandikishaji huo baada ya uhuru. Chembe za mawe zikishaingia kwenye mapafu hazitoki, na makovu yake huweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha mgodi. Wachimbaji wadogo wa leo, wakiwemo wa Mererani, wanavuta vumbi la aina hiyohiyo. Kikohozi cha uzeeni mwao kimekwisha kuanza sasa, wakiwa bado vijana.

Njia ya tatu ni wasiwasi wa kudumu. Mwili ukihisi hatari hutoa homoni kama kotisoli na adrenalini, mapigo ya moyo hupanda, sukari huingia kwenye damu. Hatari ikipita, mambo hurudi sawa. Kwa mtu ambaye kodi ya nyumba, ada ya shule na deni la dukani havipiti, mwili hukosa nafasi ya kutulia, na mishipa huchakaa.

Bruce Link na Jo Phelan, wanasosholojia wa Marekani, walitoa mwaka 1995 hoja inayozifunga njia hizi pamoja. Maradhi hubadilika kutoka zama moja hadi nyingine, kipindupindu karne ya 19, moyo na saratani karne ya 20, lakini mpangilio wa tabaka haubadiliki, kwa sababu fedha, elimu, heshima na kujuana na watu vinafaa kujikinga na ugonjwa wowote ule. Kila tiba mpya inapopatikana, wenye navyo huipata kwanza. Kwa maoni ya mwandishi, hii ndiyo hoja inayoeleza Afrika Mashariki vizuri kuliko nyingine zote, maana hapa tiba za presha, kisukari na mtoto wa jicho zipo, zinajulikana, na bado zinapita kando ya wengi.

Je, uzee husawazisha?

Kuna mabishano ya muda mrefu kuhusu hali ya pengo hili umri unaposonga. Upande mmoja husema faida na hasara hulundikana, kwa hiyo pengo hupanuka hadi mwisho. Upande wa pili husema uzee husawazisha: baada ya miaka 75 hivi, mwili wa tajiri nao huanza kushindwa, na tofauti hupungua.

Takwimu za nchi nyingi huonyesha kweli kupungua kwa pengo katika umri mkubwa sana, lakini sehemu ya upungufu huo inatokana na nani aliyebaki kuhesabiwa. Maskini walio dhaifu wamekufa wakiwa na miaka 50 au 60. Maskini anayefika 85 ni mtu wa mwili imara ajabu, na akilinganishwa na tajiri wa umri huo aliyebebwa na dawa na upasuaji, wawili hao huonekana sawa. Usawa wa namna hiyo umepatikana makaburini. Pale watafiti wanapowafuata watu walewale mwaka hadi mwaka, kama ilivyofanyika Whitehall, dalili za kulundikana hujitokeza wazi zaidi.

Ukubwa wa pengo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Nchini England, ripoti iliyoongozwa na Marmot mwaka 2010 ilionyesha kuwa wakazi wa mitaa maskini zaidi hufa miaka 7 mapema kuliko wa mitaa tajiri zaidi, lakini tofauti ya miaka ya kuishi bila ulemavu ilikuwa 17. Kwa hiyo hata maskini aliyejaliwa umri hutumia sehemu kubwa ya umri huo akiwa mgonjwa. Nchini Marekani, Raj Chetty na wenzake walichambua kumbukumbu za kodi na vifo za miaka 2001 hadi 2014. Waliona kuwa wanaume walio katika asilimia moja ya juu kwa kipato waliishi miaka 14.6 zaidi ya wale wa asilimia moja ya chini. Kwa wanawake pengo lilikuwa miaka 10.1.

Afrika Mashariki

Kupima tabaka la mzee wa Afrika Mashariki hakuhitaji daraja la ofisi, kwa kuwa wengi hawakuwahi kuajiriwa. Watafiti huuliza kuhusu paa la bati au la nyasi, sakafu ya saruji au ya udongo, mifugo, choo, redio, miaka ya shule. Hata hivyo, mstari ulio wazi kuliko yote ni ule unaowatenga wastaafu wa ajira rasmi na wazee wengine.

Wafikirie wazee wawili wa kijiji kimoja nchini Tanzania, wote na presha. Mmoja alikuwa mwalimu. Ana pensheni ya mwezi, na bima ya afya ya taifa inaendelea kumhudumia yeye na mwenzi wake bila wao kuchangia tena. Mwingine alilima maisha yake yote, na wakati wa kiangazi alifanya vibarua. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee, na mzee huyu ana kitambulisho chake. Anaamka alfajiri, anapanda bodaboda kwa nauli aliyokopa, anaonwa na daktari bila kutoa senti. Kisha anafika dirisha la dawa anaambiwa, "Hii haipo, mzee wangu, kanunue nje." Nje ni duka la dawa ambako kitambulisho hakina kazi. Ananunua vidonge vya wiki moja badala ya mwezi, anavimeza mpaka viishe, na kwa kuwa presha haiumi, anakaa bila dawa hadi mwezi atakapouza chochote. Msamaha wa matibabu ni jambo jema, lakini unasamehe gharama ndogo na kuiacha ile kubwa.

Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ni miongoni mwa maeneo machache ya vijijini barani Afrika ambako afya ya wazee imepimwa kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliohusu wazee zaidi ya 2,000 wenye miaka 70 na kuendelea, ulikuta takriban saba katika kila kumi wana presha. Wengi hawakujua, na waliokuwa wamedhibitiwa na dawa walikuwa wachache mno. Kiharusi, ambacho ndugu na majirani huendelea kukihusisha na kurogwa au upepo mbaya, ndicho matokeo ya hali hiyo.

Kuna maumivu mengine ambayo hayaingii katika rejista za hospitali. Choo cha shimo cha kuchuchumaa ni adhabu kwa mtu mwenye magoti mabovu, na wako wazee wanaojinyima maji na chakula cha jioni ili wasilazimike kutoka nje usiku. Nyumba yenye choo cha kukaa ndani haina tatizo hilo. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi, lakini mwenye uhitaji ni lazima afike mjini, apate wa kumsindikiza na mahali pa kulala. Mzee aliyekosa hayo hubaki kuongozwa kwa fimbo na mjukuu, na mjukuu huyo hukosa shule.

Wanawake ndio wanaobeba zaidi. Huishi muda mrefu kuliko waume zao, hivyo wengi huzeeka wakiwa wajane, na katika jamii nyingi shamba na nyumba hudaiwa na ukoo wa marehemu. Kanda ya Ziwa nchini Tanzania imeonyesha jambo hili katika sura yake ya kutisha kabisa. Bibi aliyepikia kuni au samadi ya ng'ombe kwa miaka 50 huwa na macho mekundu kwa sababu ya moshi, na macho hayo yamechukuliwa kuwa alama ya uchawi. Edward Miguel, mwanauchumi, alichunguza wilaya ya Meatu na mwaka 2005 akachapisha alichokiona. Katika miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya waliotuhumiwa uchawi, hasa wanawake wazee waliouawa na jamaa zao, yaliongezeka karibu mara mbili, huku mauaji ya aina nyingine yasiongezeke. Chakula kikipungua, bibi maskini ndiye aliyeondolewa mezani. Moshi wa jiko uliomharibu macho na njaa iliyomgeuza mzigo vyote vilitokana na umaskini uleule.

Malipo ya uzeeni

Ikiwa athari za tabaka hujengeka tangu tumboni, mtu anaweza kudhani kuwa kufikia miaka 65 hakuna la kufanya. Ushahidi unapinga wazo hilo. Afrika Kusini ilipopanua pensheni ya wazee kwa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1990, Anne Case alikuta kwamba katika kaya zinazochanga fedha pamoja, afya ya wote waliomo iliimarika. Esther Duflo naye mwaka 2003 alionyesha kuwa pensheni ikipokelewa na bibi, wajukuu wa kike hunenepa na kukua, jambo ambalo hakuliona pale ilipopokelewa na babu.

Mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, kizazi cha kati kilikufa na kuwaachia wazee watoto wa kulea. Shirika la Kwa Wazee, lililoanzishwa mwaka 2003 huko Nshamba, wilayani Muleba, limekuwa likiwapa wazee hao fedha kidogo za kila mwezi. Chumvi, sabuni, mafuta ya taa na madaftari ya wajukuu ndiyo matumizi ya kwanza.

Zanzibar, yenye historia ya kuwatunza wazee katika makazi ya serikali kama Sebleni na Welezo tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Baadaye kiwango kilipandishwa hadi 50,000. Kenya ilifuata mwaka 2018, ikawapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii, ingawa mara kadhaa malipo hayo yamechelewa kwa miezi.

Umri wa kuanza kulipwa ni suala la kitabaka kama lilivyo suala la bajeti. Kikomo cha miaka 70 huwafaa zaidi wale wanaofika 70, na hao ni zaidi miongoni mwa waliokuwa na maisha mepesi. Uganda ilipoanza majaribio ya mpango wake mwaka 2010 ililiona hilo: wazee walilipwa kuanzia miaka 65, lakini Karamoja, eneo maskini na la maisha mafupi, walianza na miaka 60. Mpango ulipoenezwa nchi nzima, kikomo kwa wapya kikawekwa miaka 80 kwa kila mtu, Karamoja ikiwemo, na malipo ni shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi.